Siku gari la taka lilipoliacha pipa langu

Ilikuwa Jumanne asubuhi, nimetoka kurudisha pipa la vitu vya kurejelezwa ndani kama kawaida, nakuta mapipa ya majirani wote matupu, langu limejaa vile vile, na kwenye mkono wake pamefungwa kadi ya njano. Nilikasirika sana. Yaani mimi ndo nasuuza makopo, mimi ndo nawaambia wengine wasitupe hovyo, halafu pipa langu ndo linaachwa? Nikaisoma ile kadi nimesimama palepale barabarani. Ilikuwa na viboksi vyenye picha, viwili vimewekewa tiki kwa kalamu, cha mfuko wa plastiki na cha nyaya za umeme, na chini mtu ameandika kwa mkono: "Chupa zako ni safi sana, asante. Ila zimwage bila mfuko."

Hayo maneno machache yalinibadilisha kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kupokea, na nataka nieleze kwa nini, manake baada ya hapo nilijiunga na watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuongea na wakazi kuhusu urejelezaji, yaani kuzigeuza taka ziwe malighafi tena, na nimejifunza mengi ambayo natamani mtu angeniambia mapema.

Miaka yote nilikuwa nakusanya vitu vya kurejelezwa kwenye mfuko mkubwa mweusi, naufunga fundo vizuri, naweka kwenye pipa. Nilidhani nawasaidia wafanyakazi, vitu visimwagike wala visipeperushwe na upepo. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo. Vipeperushi vya manispaa nilikuwa navipata na nilikuwa navisoma kweli, lakini vilisema mambo ya jumla tu, tunza mazingira, tenganisha taka zako, basi. Hakuna palipoandikwa kwamba mfuko uliofungwa ukifika kiwanda cha kuchambulia taka watu hawawezi kujua ndani kuna nini, inaweza kuwa nepi, inaweza kuwa sindano, na mkanda unaobeba taka hausubiri, kwa hiyo mara nyingi unatolewa mzima mzima na kutupwa. Kwa maana hiyo kazi yangu yote ya kusuuza ilikuwa inaishia dampo, sijui kwa miaka mingapi, na iliniuma.

Miezi michache baadaye tukaruhusiwa wakazi kutembelea kiwanda cha kuchambulia taka, nikaenda. Kama mji wenu una nafasi kama hiyo, nendeni jamani, nendeni na watoto. Unasimama kwenye ngazi ya chuma, kelele mpaka unahisi kifuani, chini yako taka zinapita kwenye mkanda kama mto. Kwanza kuna watu, wamevaa glovu nene, wanatoa kwa mkono vile vitu ambavyo havikupaswa kuwepo. Halafu mzigo unapita juu ya safu za mihimili inayozunguka yenye visahani, maboksi mapana yanabaki juu yanaendelea mbele, vitu vidogo na vioo vilivyovunjika vinaangukia chini kwenye nafasi. Hapo ndo mifuko inaleta balaa. Inajiviringisha kwenye mihimili, na nyaya, na kamba, na mipira ya kumwagilia maji, mpaka nafasi zote zinaziba, mashine inazimwa, na watu wanapanda kule ndani na visu kukata kipande kwa kipande. Kaka mmoja alikuwa anatoka humo jasho linamtiririka, mikononi kashika rundo la plastiki iliyosokotana kama nywele. Nilimwangalia huyo kaka na nikaifikiria mifuko yangu.

Baada ya hapo sumaku inanyanyua makopo ya chuma, na makopo ya alumini ambayo hayashikwi na sumaku ya kawaida yanarushwa pembeni na sumaku inayozunguka kwa kasi kubwa. Kopo la alumini ukilirejeleza unaokoa karibu asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini, ndo maana mimi kopo sikubali lipotee hata moja. Chupa za plastiki zinamulikwa na mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, kila aina ya plastiki inaurudisha mwanga kwa namna yake, kompyuta inatambua, halafu upepo unapulizwa kwa nguvu na chupa inaruka kwenda upande wake, yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Ila plastiki nyeusi iliyotiwa rangi ya kaboni inaumeza ule mwanga, mashine haioni kitu, inapita tu mpaka mwisho inaangukia kwenye mabaki. Niliporudi nyumbani niliangalia ule mrundo wa vibakuli vyeusi niliokuwa nimeusuuza jana yake, nikatulia kidogo.

Na betri. Hili naomba mlisikie vizuri, betri za lithiamu, za simu, za vifaa vidogo vya kuchaji, usiweke kwenye pipa lolote, si la kurejeleza si la taka za kawaida. Ikikandamizwa kwenye gari au kutobolewa na mashine inawaka, na ikiwaka katikati ya makaratasi makavu unaelewa kitakachofuata. Walituonyesha ukuta uliopakwa masizi. Tafuta sehemu maalum ya kupokelea, na mpaka uipate iweke pembeni, ukiweza ziba ncha zake kwa utepe wa gundi.

Kosa langu kubwa lingine lilikuwa ile alama ya mishale mitatu. Nilikuwa nageuza kila kitu chini, nikiona mishale na namba nasema hiki kinarejelezwa, natia pipani kwa uhakika kabisa. Kumbe ni vitu viwili tofauti. Mishale ilichorwa na mwanafunzi wa Marekani anaitwa Gary Anderson mwaka 1970 kwenye shindano la kampuni ya kutengeneza maboksi, kwa ajili ya karatasi. Zile namba 1 mpaka 7 zilikuja mwaka 1988 kutoka kwa watengenezaji wa plastiki, na kazi yake ni kusema hii ni plastiki ya aina gani, basi. Haisemi kama mji wako una mashine ya kuichambua wala kama kuna mtu wa kuinunua. Chupa za namba 1 na 2 sehemu nyingi zinachukuliwa kwa sababu zina soko, nyingine inategemea sana ulipo. Jimbo la California liliona watu wanachanganyikiwa mpaka mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kuzuia makampuni kuweka hiyo mishale kwenye vitu ambavyo kwa kweli havirejelezwi. Nilipojua hili sikujilaumu tena sana, manake mtu anayeamini alama iliyobandikwa kwenye bidhaa hajafanya uzembe.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipoanza kugeuka. Nilikuwa nawaona majirani wasiotenganisha vizuri kama watu wasiojali. Nilipoanza kupita milangoni nikakuta karibu wote wanajali, tena wengine wanajali kupita kiasi, na hao ndo wanaotia vitu vingi visivyotakiwa, kwa kutumaini kwamba kule mbele kuna mtu atajua cha kufanya navyo. Viatu vilivyochakaa, midoli, sufuria ya plastiki iliyoyeyuka upande. Mtu haoni raha kutupa kitu, anaona akikiweka kwenye pipa la kurejeleza amekipa nafasi. Na ule usafi wa moyo ndo unachafua mzigo mzima.

Zamani uchafu ulikuwa unafichika. Nchi nyingi tajiri zilikuwa zinafunga marobota ya plastiki na karatasi zilizochanganyika na kuyapeleka China, huko ndo yanachambuliwa tena. Mwaka 2018 China ikafunga mlango, ikakataza aina nyingi za taka na kwa zile zilizobaki ikasema uchafu usizidi asilimia 0.5, yaani kwenye robota la kilo mia moja usizidi nusu kilo. Viwanda vingi havikuweza kufikia hapo. Miji ikabaki na marobota bila mnunuzi, mingine ikasimamisha huduma, na mingine ndo ikaamua kurudi kwa watu majumbani, kwamba usafi uanzie pale kitu kinapotupwa manake huko mwisho umeshindikana. Kadi kama ile yangu imetokana na mawazo ya namna hiyo.

Sasa kazi yenyewe inakuwaje. Tunatembea wawili wawili asubuhi kabla gari halijapita, tunafunua kifuniko, tunaangalia juu tu, hatuchokonoi. Hilo la kutochokonoa tulilijifunza kwa shida. Mwanzoni mwenzangu mmoja alikuwa anasogeza vitu kwa fimbo aone chini, akatoka mzee mmoja kwake amekasirika kweli, "Nyie mnanipekua mimi mna haki gani?" Na alikuwa na haki ya kukasirika, ndani ya taka za mtu kuna barua zake, dawa zake, maisha yake. Tulimwomba radhi, na baada ya hapo tukakubaliana sote, juu tu, na hakuna kupiga picha yenye jina wala namba ya nyumba. Mzee yule tulimsalimia wiki iliyofuata na wiki nyingine, wiki ya tatu akatuuliza chupa ya mafuta ya kupikia inaoshwaje.

Tunarudia mtaa ule ule wiki nne mfululizo. Hii ndo siri ambayo watu wengi wa kampeni hawaitaki kwa sababu ni ghali na haina picha nzuri za kupiga, wanataka siku moja kubwa yenye spika na fulana. Lakini mtu akipata kadi wiki hii akarekebisha, wiki ijayo akakuta kadi nyingine inasema asante, hilo linabaki. Wiki ya kwanza kwenye mtaa mpya unaacha kadi mpaka mkono unachoka. Wiki ya nne unapita nyumba nyingi unafunua na kufunika tu. Na kila kadi tunaanza na alichofanya vizuri, lazima kipo, hata kama ni maboksi tu aliyoyakunja bapa. Halafu kosa moja, usimwandikie matano. Mtu akiona matano anaona hawezi, anaacha kabisa.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anaosha kila kopo kwa sabuni na maji ya moto, anayaanika, anayapanga. Alisema amechoka, anafikiria kuacha. Nikamwambia mama, suuza tu kwa maji yale yale uliyomalizia kuoshea vyombo, lisiwe na mabaki ya chakula, lisidondoshe kimiminika juu ya karatasi, inatosha, label iache hapo hapo. Alikaa chini kwenye kiti akacheka, akasema angeambiwa hivo miaka kumi iliyopita. Na vifuniko vya chupa, sehemu nyingi saivi wanataka uvirudishe kwenye chupa yake, manake kikiwa peke yake ni kidogo kinapotelea kwenye zile nafasi za mashine pamoja na vipande vya vioo. Karatasi iliyokatwa katwa na mashine ya ofisini nayo inapotelea hivo hivo. Boksi lililolowa mafuta ya chakula nalo lina shida yake, kiwandani karatasi inavurugwa na maji mpaka inakuwa uji, na mafuta hayatoki kirahisi kwenye huo uji, kwa hiyo kata upande msafi urejeleze, uliolowa tupa au peleka kwenye mboji.

Teknolojia je? Mimi naipenda na naitetea, ila nimeona ikifeli na nimeona ikifanya kazi, na tofauti ni ndogo tu: je, inamjibu mtu swali alilonalo mkononi sasa hivi? Tulikuwa na programu ya simu ya kwanza ambayo ilikuwa na michezo, pointi, beji, ramani ya dunia, watu wakaipakua wiki ya uzinduzi na kuifuta. Iliyofuata ilikuwa na kisanduku kimoja cha kuandika jina la kitu, andika "betri", andika "kioo cha dirisha", inakuambia kinaenda wapi, na meseji ya kukumbusha jioni kabla ya siku ya gari. Ni hivyo tu na watu wanaitumia mpaka leo. Na kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea: yale maneno watu wanayoyatafuta manispaa wanayaona, bila kuona nani katafuta, kwa hiyo wanajua mwezi huu watu wamekwama wapi. Kipeperushi kilichofuata kiliandikwa kutokana na maswali ya watu wenyewe, na ufupi wake ulikuwa unashangaza, mistari sita na picha halisi za vitu halisi.

Saivi kuna miji inafunga kamera kwenye gari la taka, pipa likimwagwa akili mnemba inaangalia vitu vinavyodondoka, ikiona mifuko inaunganisha na anwani na nyumba hiyo inatumiwa kadi ya posta. Inafika kila nyumba kila wiki, jambo ambalo sisi kwa miguu hatuwezi. Lakini kama kadi hiyo itaongea kwa sauti ya polisi, itafanya kile kile ilichofanya fimbo ya mwenzangu. Waambieni watu kabla, waambieni picha inakaa muda gani na nani anaiona, na mwanzoni iwe ya kufundisha, faini isitangulie.

Korea Kusini wamefika mbali kwenye mabaki ya chakula. Tangu 2013 kaya zinalipia kulingana na kiasi wanachotupa, na kwenye majengo mengi ya ghorofa kuna mashine, unagusisha kadi yenye chipu, mfuniko unafunguka, inapima uzito, unalipia ulichotupa. Mtu anaiona namba yake palepale. Upande mwingine kabisa kuna mji mdogo wa Kamikatsu huko Japani, mwaka 2003 walitangaza nia ya kufikia taka sifuri, hakuna gari la kupita majumbani, wakazi wenyewe wanapeleka taka kituoni na kuzitenganisha katika makundi zaidi ya 40, na pale kituoni kuna mtu wa kukusaidia ukikwama. Watu wananitajia Kamikatsu kila mara kama mfano, na mimi nauheshimu sana, ila ule ni mji wa watu elfu moja na kitu ambao wanajuana. Kinachofanana kati ya hizo sehemu mbili, moja ina chipu na nyingine ina binadamu amesimama, ni kwamba jibu linakufikia ukiwa bado umeshika taka yako.

Sehemu ngumu kuliko zote ni majengo ya ghorofa. Pipa la nyumba moja lina mwenyewe, kadi ina mtu wa kuisoma. Pipa la familia arobaini halina mwenyewe, mmoja akitupa godoro wote wanaonekana wachafu. Kwenye jengo moja tulihangaika miezi. Mabango hayakusaidia, meseji hazikusaidia. Siku moja tukakaa tu pale jioni tukaangalia watu wanavyofanya. Wanashuka na mfuko mmoja mkononi, mara nyingi na mtoto mkono mwingine, pipa la taka za kawaida liko karibu na mlango, la kurejeleza liko nyuma kule gizani pembeni ya ukuta. Nani ataenda gizani? Tukayaweka mapipa pamoja, taa ikawekwa, mfuniko wa chupa na makopo ukawa na tundu la mviringo ili mfuko usipite, wa karatasi ukawa na mwanya mwembamba, na kila familia ikapewa kikapu cha kubebea chenye picha ubavuni, ambacho unakimwaga unarudi nacho. Picha ilikuwa muhimu manake kwenye lile jengo watu wanasoma lugha tofauti tofauti, na tulikuwa tunawalaumu kwa kutofuata maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma.

Halikuwa safi kabisa lile pipa na mpaka leo si safi kabisa. Ila marobota siku hizi kutoka njia ile hayarudishwi.

Mwezi uliopita nilikuwa pale jioni, akashuka mtoto wa kama miaka tisa na kikapu chake, akamwaga vizuri, akabaki ameshika tyubu ya dawa ya meno. Akaniuliza hii je? Nikamwambia tuangalie. Tukaandika kwenye simu, programu haikuwa na jibu, ikatoa nafasi ya kutuma swali, nikampa simu akaandika mwenyewe na picha akapiga. Tyubu akaiweka juu ya ukingo wa ukuta, akasema asiiguse mtu mpaka wajibu. Siku chache baadaye jibu likaja, kwamba kwa sasa kiwanda chetu hakiwezi, iende kwenye taka za kawaida. Niliporudi jengo lile nikamkuta ameshasoma kwenye simu ya mama yake. Alikuwa ameinama kwenye pipa la plastiki, mkono mzima ndani, anatafuta nyingine mbili ambazo nyumbani kwao walikuwa wameshazitupa humo wiki iliyopita.